Kujua Kiingereza si kujua kukifundisha



Kwa miezi mingi sasa swali moja linatufikia kutoka parokia mbalimbali, za hapa Goma na za mbali pia. Vijana wa kanisa wanaojua Kiingereza wanataka kujitolea kukifundisha katika shule zilizo karibu nao. Wazee wa kanisa wanatuuliza: Je, tuwaruhusu? Waanzie wapi? Je, wanahitaji kuandaliwa kwa kazi hiyo, au inatosha kwamba wanasema lugha vizuri? Na mwalimu wa darasa, yeye atakuwa wapi?

Tumeona vyema kujibu kwa maandishi ili parokia zote zipate jibu moja. Tutaeleza kwa nini haja hii ni ya kweli, mwalimu wa Kiingereza huandaliwa namna gani, na kujitolea kunapaswa kuwa na mipaka gani. Tutasema pia kosa tulilolifanya sisi wenyewe, ili ninyi msilirudie.

Kwa nini Kiingereza, na kwa nini sasa

Mtoto wa Goma hukua kati ya lugha nyingi. Nyumbani anasikia Kihunde, Kinande, Kishi, Kinyarwanda au Kiswahili. Sokoni Virunga na bandarini Kituku anasema Kiswahili. Shuleni anaandika Kifaransa. Katiba yetu ya 2006 inasema Kifaransa ndiyo lugha rasmi, na Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba ndizo lugha za taifa. Kiingereza hakimo. Kinaingia sekondari kama somo mojawapo, kwa saa chache za juma, kisha mwanafunzi anakutana nacho tena katika Exetat, siku ya mtihani wa lugha.

Lakini maisha yetu yamekwenda mbele kuliko ratiba ya shule. Tarehe 8 Aprili 2022 nchi yetu ilitia sahihi mkataba wa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tunamshukuru Mungu kwa heshima hiyo iliyopewa lugha yetu. Hata hivyo mfanyabiashara anayeleta mzigo kutoka Mombasa au Kampala anajua kwamba karatasi nyingi zinazofuatana na mzigo huo zimeandikwa Kiingereza.

Kuna pia jambo linalotuumiza zaidi. Familia nyingi za Kivu Kaskazini zimekimbilia Uganda, kwenye makambi kama Nakivale, Kyangwali na Rwamwanja. Shule za huko hufundisha kwa Kiingereza. Wazazi waliotuandikia kutoka huko wanatueleza jambo moja: mtoto aliyekuwa karibu kumaliza sekondari hapa kwetu anarudishwa madarasa ya chini, aketi na watoto anaowapita miaka mitatu au minne. Anaijua hesabu. Anaijua jiografia. Anachokosa ni lugha ya kuyasema anayoyajua. Wengine wanaona aibu na kuacha shule kabisa.

Kwa hiyo kijana anayekuja kwa mchungaji na kusema, "Pasta, nataka kusaidia watoto wajue Kiingereza," tusimkatishe tamaa wala tusidhani anatafuta sifa tu. Ameona haja iliyo mbele ya macho yetu sote. Swali ni namna ya kuitimiza.

Kosa tulilolifanya

Vita vilipoingia Goma mwisho wa Januari 2025, shule zilifungwa. Zilipofungua tena, walimu kadhaa hawakuonekana: wengine walikuwa wamekimbia, wengine walikuwa wanatafuta cha kuwalisha watoto. Benki zilikuwa zimefunga milango, na mwalimu aliyezoea kuchukua mshahara wake dirishani alibaki bila njia. Shule moja iliyo jirani na parokia yetu ilituomba msaada. Tulitangaza jambo hilo ibadani, na vijana tisa wakasimama. Tuliwaombea mbele ya kanisa, tukawatuma juma lililofuata. Tulikuwa na furaha sana.

Miezi miwili haikuisha kabla ya matatizo mawili kuonekana.

La kwanza lilikuwa darasani. Vijana wetu walisema Kiingereza vizuri. Wengine walikijifunza Kampala, wengine kwa sinema na simu. Lakini hawakujua la kufanya na wanafunzi 60 waliobanana kwenye madawati. Waliandika maneno ubaoni, darasa likayarudia kwa sauti kubwa, na kila mtu akafurahi. Tulipokwenda kutembelea, tulimwomba binti mmoja atuambie kwa Kiingereza jina lake na mahali anapokaa. Alikariri orodha nzima ya matunda bila kosa, kisha akanyamaza. Hakuwa amepata nafasi hata moja ya kusema jambo lake mwenyewe.

Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi. Katika shule ile kulikuwa na mama mmoja aliyefundisha Kiingereza kwa miaka mingi. Yeye ni mmoja wa wale wanaoitwa N.U., walimu ambao Serikali bado haijawaingiza kwenye orodha ya mishahara, na ambao huishi kwa kile kidogo wanachochanga wazazi. Shule ilipoona ina vijana wanaofundisha bure, ilimpunguzia saa zake, kisha ikamwambia apumzike kwanza. Hakuna aliyetuambia. Mama huyo alikuja mwenyewe siku ya Jumatano, baada ya maombi, akakaa kwenye benchi la nyuma hadi watu wakatoka. Akatuuliza: "Pasta, kanisa lilinionea kosa gani?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumetoa sadaka kutoka mfukoni mwa mtu mwingine. Tulikwenda naye shuleni, tukaomba msamaha, tukawaondoa vijana wetu darasani hadi aliporudishiwa saa zake. Haya tunayowaandikia leo tulijifunza kwa sehemu kubwa kutoka kwake.

Apolo naye alifundishwa

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, tunasoma habari za Apolo. Alikuwa msemaji hodari, mwenye bidii, aliyeyajua Maandiko. Angeweza kusimama mahali popote na watu wakamsikiliza. Lakini Priskila na Akila walipomsikia, walitambua kwamba kuna jambo limepunguka. Hawakumwaibisha mbele ya watu, wala hawakumnyamazisha. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Baada ya hapo ndipo akavuka kwenda Akaya, na huko akawa msaada mkubwa kwa waamini.

Vijana wetu ni kama Apolo. Ulimi wanao, bidii wanayo. Wanachohitaji ni Priskila na Akila wao, kabla hawajatumwa.

Katika nchi yetu mwalimu wa sekondari huandaliwa hasa katika ISP, zile taasisi za juu za ualimu kama ya Goma na ya Bukavu. Mwanafunzi anayechagua Kiingereza hasomi lugha peke yake. Anasoma pia namna mtoto anavyojifunza, namna ya kutayarisha somo, namna ya kutunga mtihani na kutoa alama. Kisha anakwenda kwenye mazoezi katika shule ya kweli, akiwa na fishi ya matayarisho mkononi, na mwalimu mzoefu ameketi nyuma ya darasa akiandika makosa yake. Wengi waliopita hapo watawaambia kwamba saa zile za kutazamwa ndizo zilizowafanya kuwa walimu.

Si kwetu tu. Vijana wa Ulaya na Marekani wanaokwenda kufundisha Kiingereza Tailandi na nchi nyingine za Asia huombwa mara nyingi kuwa na cheti cha mafunzo ya saa 120. Cheti cha CELTA cha Cambridge, ambacho ni maarufu katika kazi hii, kinadai saa 120 za mafunzo, zikiwemo saa 6 za kufundisha wanafunzi wa kweli mbele ya mkufunzi. Miongoni mwao wamo watu ambao Kiingereza wamekinyonya na maziwa ya mama. Ikiwa wao hawatumwi darasani kwa sababu tu wanaijua lugha, kwa nini sisi tumtume kijana wetu kwa ombi moja na makofi ya kanisa?

Yale ambayo mwalimu aliyeandaliwa anayajua

Labda mtu atauliza: mafunzo hayo yanabadilisha nini? Tutatoa mifano michache, na yote tumeiona hapa Goma.

Kwanza, kuna hesabu ya darasa. Wanafunzi wakiwa 60 na somo likiwa la saa moja, mwalimu akimsemesha mmoja baada ya mwingine, kila mtoto anapata dakika moja tu, tena hapo mwalimu hajaeleza lolote. Mwalimu aliyefundwa huwagawa wawili wawili: huyu anauliza, yule anajibu, kisha wanabadilishana. Sasa watoto 30 wanasema kwa wakati mmoja. Kelele inakuwa nyingi, ni kweli, na inafaa kumwonya mwalimu wa darasa la jirani. Lakini kila mtoto amefungua kinywa chake.

Pili, kuna makosa yanayotokana na lugha zetu. Mwanafunzi wa Goma anapotaja umri wake husema "I have fifteen years". Si mjinga. Kiswahili kinamwambia "nina miaka 15", na Kifaransa nacho kinatumia neno la kuwa na kitu. Lugha mbili zimempeleka njia moja. Kiingereza kinataka "I am". Mwalimu anayejua chanzo cha kosa hamgombezi mtoto. Anamwonyesha njia panda ilipo.

Tatu, kuna maneno yanayofanana na ya Kifaransa na kumdanganya mwanafunzi. "Library" ya Kiingereza si mahali pa kununua vitabu, ni mahali pa kuviazima na kuvisomea. "Actually" haina maana ya "sasa hivi", ina maana ya "kwa kweli". Kijana aliyejifunza Kiingereza Kampala huenda asilione tatizo hili, kwa sababu hakupitia Kifaransa. Mwalimu wa hapa analijua, maana lilimwangusha yeye mwenyewe.

Nne, kuna majira ya vitenzi. Kiingereza kinatenganisha "I read", yaani ni desturi yangu, na "I am reading", yaani niko nasoma sasa. Kifaransa cha shuleni kinaweza kusema yote mawili kwa neno moja, na hapo wanafunzi hupotea. Lakini sikilizeni tunavyosema nyumbani. Mtu akiulizwa anafanya nini, anajibu "nasoma". Akiulizwa desturi yake, anajibu "nasomaka kila siku". Ile "-ka" ya mwisho, ambayo wengine huicheka na kusema si Kiswahili safi, inafanya kazi ile ile ambayo Kiingereza kinataka. Mama tuliyemtaja ndiye aliyetufundisha jambo hili. Anaandika "nasomaka" upande mmoja wa ubao na "nasoma" upande mwingine, na darasa linaelewa kwa dakika tano jambo ambalo vijana wetu walihangaika nalo majuma matatu.

Kwa hiyo mwalimu asione haya kutumia Kiswahili kidogo kufungua mlango, halafu arudi kwenye Kiingereza. Sheria ya elimu ya Februari 2014 yenyewe inatambua nafasi ya lugha za taifa na za mahali katika kufundisha watoto wadogo. Na katika Nehemia sura ya 8, Walawi hawakusoma torati na kunyamaza. Walifafanua maana hadi watu wakaelewa.

Tano, kuna suala la vitabu. Shule nyingi hazina vitabu vya Kiingereza, hata kimoja kwa benchi. Mwalimu aliyeandaliwa analeta bidoni ya maji, kipande cha makala, sambaza wachache kwenye sahani, jiwe jeusi la volkano. Watoto wanauliza na kujibu: hiki ni nini, kinatoka wapi, bei yake ni ngapi. Mtoto ambaye mama yake anauza sambaza Kituku ana mengi ya kusema. Somo linaanzia pale anapojua.

Waliotutangulia

Nchi yetu imewahi kupokea walimu wa kujitolea. Kati ya 1970 na 1991, wakati wa Zaire, vijana Wamarekani wa Peace Corps walifundisha katika sekondari zetu, wengi Kiingereza, wengine hesabu na sayansi. Baadhi ya wazee wanaosoma maneno haya walikaa mbele yao darasani. Kuna mawili ya kujifunza kwao. La kwanza, walipewa mafunzo ya lugha na ya ualimu kabla ya kuingia darasani, na kwa kawaida walikaa miaka 2 mahali pamoja. Hawakupita kama wageni wa arusi. La pili ni la kusikitisha: uporaji wa Septemba 1991 ulipotikisa Kinshasa, waliondoka. Mgeni, hata awe mwema kiasi gani, ana mahali pa kurudi. Anayebaki ni mwalimu wa hapa. Ndiyo sababu msaada wowote wa kujitolea upimwe kwa swali hili: tukiondoka kesho, je, mwalimu wa hapa atakuwa na nguvu zaidi au pungufu?

Tuangalie pia kwa jirani zetu. Mwezi wa Oktoba 2008 Rwanda iliamua kwamba shule zake zifundishe kwa Kiingereza. Walimu wengi walikuwa wamesoma kwa Kifaransa, na muda wa kujiandaa ulikuwa mfupi. Mwaka 2011 miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi ilirudishwa kwenye Kinyarwanda, na mwaka 2019 Serikali ikaagiza Kiingereza tena tangu darasa la kwanza. Hatutaji jambo hili ili kuhukumu nchi nyingine. Tunalitaja kwa sababu linafundisha: amri inaweza kubadili lugha ya shule kwa siku moja, lakini ulimi wa mwalimu unahitaji miaka. Tukitaka Kiingereza kikue katika shule zetu, tuanze na mwalimu.

Mipaka ya kujitolea

Tangu Mapatano ya 26 Februari 1977, Serikali ilikabidhi makanisa uongozi wa shule nyingi, na shule za Kiprotestanti ni sehemu kubwa ya hizo. Basi hatuwezi kusema mambo ya walimu si yetu. Tena tuseme ukweli: elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi. Sekondari, ambako Kiingereza kinafundishwa, mzazi bado analipa minervali, na mwalimu bado anategemea alichonacho mzazi. Katika hali hiyo mtu anayefundisha bure anaweza kuwa baraka, na anaweza kuwa kisu. Inategemea anaingia kwa mlango gani.

Baada ya kosa letu tuliweka taratibu zifuatazo, nasi tunazipendekeza kwa parokia zote.

Kijana asichukue saa ya mwalimu yeyote, awe analipwa au halipwi. Anaingia kama msaidizi wa mwalimu, chini ya mwalimu, na mwalimu abaki darasani. Akipata darasa lake mwenyewe, liwe la nje ya ratiba: kikundi cha mazungumzo baada ya masomo, au siku ya Jumamosi. Shule ikisema, "Mwalimu huyu tumempumzisha, ninyi endeleeni," kijana afunge daftari lake na kurudi kwa mchungaji siku hiyo hiyo.

Kijana aandaliwe kabla ya kutumwa. Sisi tumechagua muhula mmoja. Jumamosi anajifunza namna ya kutayarisha somo. Kisha anaketi nyuma ya darasa majuma manne akitazama tu. Baadaye anafundisha sehemu ndogo ya somo, dakika kumi au kumi na tano, naye anatazamwa. Msitafute wakufunzi mbali. Katika kila parokia kubwa kuna mwalimu wa Kiingereza, au inspekta aliyestaafu, au mwanafunzi wa ISP anayemaliza. Muwaite, muwape kiti cha mbele.

Kijana aahidi muda, na autimize. Afadhali mmoja anayekuja kila Alhamisi mwaka mzima kuliko kumi wanaokuja mwezi mmoja. Watoto wetu wameachwa mara nyingi mno, kwa vita, kwa volkano ya Mei 2021, kwa kuhama na kuhama tena. Tusiwaongezee kuachwa kwingine kwa jina la kanisa.

Watoto walindwe. Prefe wa shule na wazazi wajue kijana ni nani na ametumwa na nani. Asibaki peke yake na mtoto mahali palipofungwa. Asimwite mwanafunzi nyumbani kwake, asiombe namba yake ya simu, asimpige picha na kuzisambaza. Asipokee fedha wala zawadi kutoka kwa mzazi ili mtoto apate alama. Atakayevunja mojawapo ya haya arudishwe mara moja, hata akiwa mtoto wa mzee wa kanisa.

Mwisho, parokia itoe kitu kwa ajili ya mwalimu. Tukiwa na nguvu ya kuwatuma vijana tisa, tuna nguvu ya kukusanya nauli ya mwalimu mmoja. Parokia yetu inachanga kidogo kila mwezi, kupitia sadaka ya pekee na mchango wa akina mama wa AVEC. Si mshahara, na hatutaki Serikali idhani kwamba ni mshahara. Ni namna ya kumwambia mwalimu kwamba tumemwona. Wakati huo huo tuendelee kudai kwa upole na bila kuchoka, kupitia viongozi wa shule zetu, kwamba walimu wa N.U. waingizwe kwenye orodha. Yakobo, katika sura ya 5, anasema kwa ukali juu ya ujira uliozuiliwa: unalia, na kilio chake kinamfikia Bwana. Kujitolea kwetu kusiwe mto wa kuzibia masikio tusikisikie kilio hicho.

Mahali tulipofika

Kati ya vijana tisa wa kwanza, watano wamebaki. Mmoja wao ameamua kuingia ISP, jambo ambalo hakuliwaza hapo mwanzo. Alisema kwamba siku alipokaa nyuma ya darasa ndipo alipojua kwamba ualimu ni kazi. Binti yule wa orodha ya matunda sasa anaweza kukueleza kwa Kiingereza anapokaa, mama yake anauza nini, na kwamba hapendi kuamka mapema. Ni sentensi chache, lakini ni zake.

Na yule mama ndiye anayewafundisha vijana wetu kila Jumamosi, katika chumba cha shule ya Jumapili, kwa ubao ulioazimwa na kwaya. Jina lake bado halijaingia kwenye orodha ya Serikali. Tunawaomba mumkumbuke katika maombi yenu, pamoja na wote walio kama yeye, nanyi mtafute wa kwenu. Yuko. Huenda Jumapili ijayo ataketi kwenye benchi la nyuma.

Kabla hamjawatuma vijana shuleni, nendeni kwanza mkamuulize mwalimu huyo anahitaji nini. Bwana awabariki na kuwalinda, pamoja na watoto wetu wote walio shuleni. Amina.